Kofia ya Baba Yatiwa Wanga

Nyumbani kwetu Amani, kofia ya viua ya baba ilikaa ndani ya kasha la bibi, imefungwa kitambaani, inanukia udi. Ilitoka kwa Idi, Maulidi na nikahi tu. Bibi aliishona mwenyewe, ndivyo tulivyoambiwa tangu utotoni: kila tundu limetobolewa kwa mkono na kuzungushiwa uzi ukingoni, mpaka duara la juu na ukanda wa pembeni vikajaa maua. Kazi ya miezi hiyo. Zile za mashine zinazouzwa Darajani bibi hakuziita kofia, aliziita vifuniko.

Dada alikuwa anaolewa baada ya alasiri, na baba ndiye walii. Kofia ilikwishashika umanjano, basi kaka akajitolea kuifua. Kijana kasoma, sikatai. Lakini kofia ya viua ikishafuliwa hutiwa wanga mwepesi, ikavishwa bakuli la kiasi cha kichwa mpaka ikauke na kusimama. Kaka alipika wanga wa kubandikia mabango ya uchaguzi. Bakuli alilikuta na achari, akaivisha sufuria.

Saa sita mchana bibi aliigonga kwa ukucha, ikalia ko! Viua vyote vimeziba.

Akina mama waliokuja kumenya vitunguu wakaacha visu, wakagaiwa pini. Kofia ikawa inapita mkono hadi mkono pale uani, kila mmoja anazibua vyake na kumlaani kaka kwa adabu, kwa kuwa ni siku ya furaha. Ikamfikia wifi yake bibi, yule bibi yetu wa Jang'ombe. Akavaa miwani. Akaigeuza. Akaigeuza tena.

"Wifi, mbona ukanda huu ni mkono wangu?"

Bibi akaulizia pilau kama imeshapaliwa moto.

"Nakuuliza wewe. Duara ulishona wewe, ukanda nilishona mimi. Ukasema utanilipa karafuu zikivunwa."

"Mavuno ya mwaka gani hayo?" mtu akachokoza.

"Muulizeni mwenyewe!"

Hapo baba akatokea na kanzu yake mpya, joho begani, akaivaa kofia. Ikamteremka hadi kwenye nyusi. Kofia hupimwa kwa inchi, na hata nusu inchi watu huiona. Sufuria ilikuwa imeongeza zaidi ya hapo. Shangazi aliyekuja kutoka Muscat akafungua sanduku, akatoa kumma, kama waitavyo kofia hii kule Oman. Nzuri, ina uzi wa buluu, kiasi chake barabara.

"Ya mashine?" baba akauliza.

"Ya mashine, kaka, lakini nani atajua?"

"Msikiti mzima."

Akakunja gazeti, akalipachika ndani ya kofia, akaondoka. Kwenye sijida ya kwanza gazeti lilitangulia, kofia ikafuata. Picha za nikahi zipo: mkono wa kulia wa baba umeshikana na wa bwana harusi, wa kushoto umeishikilia kofia.

Jioni bibi wa Jang'ombe alikataa pilau, halua na hata kahawa. Bibi akafungua fundo la khanga, akazihesabu noti polepole, akampa. Mwenzake akazihesabu naye, akazitia kifuani.

"Hii ya ukanda," akasema. "Na ya kuzibua?"