Inchi Mbili za Twiga

Wewe uliyeoa ukaongezewa na shemeji juu, sogea hapa tuongee. Wa kwangu tunamwita Twiga. Ni mdogo wa mwisho wa mke wangu, Mama Zawadi, ana futi 5 na inchi 6, na jina alipewa na mama yake mzazi, kwa hiyo lawama zisinifikie. Matangazo ya ajira za Polisi ya miaka hii yanataka mwanamume afikishe futi 5 na inchi 8. Kwa ajili ya inchi mbili hizo, nyumba yangu hapa Bumbuli imekosa kenchi moja ya jikoni na sufuria nzima ya maharage.

Alianza kwa kujining'iniza. Mtu alimwambia mgongo ukivutwa unarefuka. Basi kila jioni yuko juu, kwenye kenchi ileile ninayoning'inizia mahindi ya mbegu yapate moshi, na kitinda mimba wangu, Mkaguzi, anampima kwa rula ya shule. "Mjomba, leo umepungua." Siku kenchi ilipokatika, maharage yalimwagika, mahindi yakazagaa, na aliyeulizwa kwa nini alijenga kwa mbao za ovyo ni mimi.

Akahamia kwenye simu. Huko akaona vijana waliokwenda Uturuki kukatwa mifupa ya miguu kwa hiari yao ili warefushwe. Akaitisha kikao. Kwetu kikao anaitisha yeyote isipokuwa mimi. Mimi hununua sukari. Hoja yake ilikuwa tuuze ng'ombe na kile kipande cha chai.

Tukampigia Daktari wa Simu, mpwa wangu anayesomea udaktari Moshi. Simu tukaiegemeza dirishani, ndipo mtandao unapopita.

"Mjomba, mfupa unakatwa, unaachwa siku tano hadi saba uanze kujiunga, halafu ncha zinaachanishwa polepole, milimita 1 kwa siku. Pengo linajazwa na mfupa mpya."

Mama mkwe, ambaye tunamwita Hakimu, akauliza kama mfupa haujui kwamba unadanganywa.

"Unajua, bibi, ila unakubali. Misuli na mishipa ya fahamu ndiyo inayogoma."

Akatuambia aliyeanzisha mambo haya ni Gavriil Ilizarov, daktari aliyekuwa akitibu majeruhi huko Kurgan, Siberia, miaka ya 1950, kwa pete za chuma zilizozunguka mguu na nyaya zilizopenya hadi mfupani. Inasimuliwa kwamba mwanzoni alitumia spoki za baiskeli. Twiga akafurahi mno kusikia spoki. Akageuka kuitazama baiskeli yangu.

Njia hiyo ya pete ndiyo ya bei ndogo. Nati zinazungushwa mara nne kwa siku, robo milimita kila mara. Hakimu akataka kujua nani ataamka usiku kuzizungusha. Mama Zawadi, bila kuinua macho kwenye mchicha aliokuwa akichambua, akasema: "Baba Zawadi siku hizi hapati usingizi." Sikuwa najua. Kwa sentimita 5 ni siku 50 za kuvuta, halafu mfupa unasubiriwa ukomae, na kwa kawaida pete zinakaa mguuni kama mwezi kwa kila sentimita, pengine zaidi. Choo chetu kiko chini ya ngazi za udongo, na masika mnayajua. Walipofika kwenye swali la nani atambeba, hakuna aliyeuliza tena, walinitazama tu.

Njia ya pili, chuma kinapitishwa ndani ya mfupa, pete zinabaki nje mpaka kuvuta kuishe, kisha zinatolewa mapema. Nafuu, ila vijidudu vikiingia kwenye matundu ya nyaya vinaweza kufuata chuma hadi kwenye uboho. Ya tatu ni chuma chenye sumaku ndani, kinachorefushwa na mashine unayoiweka juu ya paja. Hakina matundu ya nje, lakini Marekani ni makumi ya maelfu ya dola, na mtu haruhusiwi kuukanyagia mguu kwa uzito wote mpaka mfupa ukomae. Kilitoka cha chuma kigumu zaidi cha kumruhusu mtu kutembea. Mwaka 2021 kikaondolewa sokoni kwa sababu ya kutu. Mama Zawadi akarudia neno "kutu" akilitazama paja la mdogo wake.

"Na Uturuki?" Twiga akauliza.

"Uturuki ni nafuu. Ila chuma kikigoma ukiwa Bumbuli, fundi wako yuko Istanbul." Akaongeza kwamba kisigino kinaweza kukataa kugusa chini, unyayo kufa ganzi, mfupa kutounga, mafuta ya uboho kukimbilia mapafuni na kuua. China ilipiga marufuku kurefusha miguu kwa urembo mwaka 2006. Kisha mtandao ukakata, Hakimu akasema hata simu imeogopa.

Jioni alipita jirani yetu wa bodaboda, aliyewahi kuvaa pete hizo. Yeye mfupa ulioza baada ya ajali, ukakatwa, mguu ukawa mfupi. Alipandisha suruali. Muundi mzima una makovu madogo, mawili mawili, yanayong'aa, na Mkaguzi aliyagusa moja moja kwa kidole. Kila tundu lilisafishwa kila siku kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa. Baridi ya Julai ilimkuta hawezi kujifunika, blanketi linanasa kwenye nyaya, hadi mama yake akamshonea suruali iliyopasuliwa ubavuni yenye vifungo.

"Mimi nilitaka niache kuchechemea," akasema. "Ningekuwa na mguu wako ningekuwa uwanjani nacheza mpira."

"Walikuongeza sentimita ngapi?" Twiga akauliza, macho yamemtoka.

Hapo Hakimu akatoa hukumu. Ng'ombe haendi popote, maana yule ni wa mahari ya binti yake na mwenye mahari ni yeye. Viatu vya soli nene navyo vikakataliwa, kwa kuwa Polisi watamvua. Mama Zawadi akapendekeza udereva wa bodaboda: leseni haiulizi urefu, pikipiki ipo. Pikipiki yenyewe ni yangu. Nilijaribu kuwakumbusha kwamba wodi za mifupa zimejaa madereva hao hao, jirani akaafiki kwa kichwa huku akishusha suruali yake. Haikusaidia. Nitamfundisha mimi, jioni, kwenye mteremko wa kuelekea Soni, na nimeshaulizwa helmeti niliiweka wapi.