Barua ya Wazi kwa Wakuu wa Zima-Kisha-Washa

Kwa Wakuu wa Huduma kwa Wateja,
PlayStation, Xbox na Nintendo.

YAH: MASHITAKA YA KUDUMU DHIDI YA RUTA

Waheshimiwa,

Kwa heshima na taadhima tunawapongeza kwa kugundua dawa moja inayotibu maradhi yote ya intaneti: zima ruta, subiri kidogo, kisha washa. Ikishindikana, sogeza mashine ya michezo karibu na ruta. Ikishindikana tena, mpigie simu mtoa huduma wako wa intaneti. Utaratibu huu una uzuri wake, kwani mshitakiwa huwa yumo sebuleni kwa mteja au kwa mtu wa tatu, kamwe si kwenu. Sisi tunadai kwamba mashine yenu inajua mengi kuhusu hitilafu kuliko inavyotuambia, na kwamba ukimya huo unawanufaisha ninyi.

Ushahidi mnao wenyewe. PlayStation 4 ilipoingia sokoni Marekani Novemba 2013, ilikuwa na waifai ya gigahezi 2.4 peke yake, ilhali Xbox One, iliyofuata wiki moja baadaye, ilipokea na gigahezi 5. Sony walijirekebisha 2016 katika matoleo ya Slim na Pro. Mwenye toleo la mwanzo ambaye ruta yake inarusha gigahezi 5 tu anaweza kuutii ushauri wenu hadi akaipandisha mashine juu ya ruta yenyewe, na bado jina la mtandao wake lisitokee kwenye orodha. Redio ya kuusikia haikuwekwa kiwandani. Nintendo nao wanapenda kushauri waya wa mtandao, na ni ushauri mwema, ila kituo cha Switch ya 2017 hakikuwa na tundu la waya huo. Adapta ilinunuliwa kando, mpaka toleo la OLED la 2021 lilipokuja na tundu lake. Halafu kuna zile siku ambazo wagonjwa ni ninyi. Aprili 2011 wadukuzi waliuvamia mtandao wa PlayStation, wenye akaunti milioni 77, ukafungwa siku 23. Februari 2025 ukaanguka tena kwa takribani siku nzima; maelezo yakawa kwamba kulikuwa na tatizo la kiutendaji, na wanachama wa PlayStation Plus wakaongezewa siku 5. Ruta zilizozimwa na kuwashwa bure siku hizo hazikuongezewa chochote.

Mtasema hitilafu nyingi kwa kweli zimo majumbani. Tunakubali, tena bila kinyongo. Masafa ya 2.4 yana chaneli tatu tu zisizoingiliana, yaani 1, 6 na 11, na katika jengo la ghorofa zenye ruta kila mlango, hizo zinagombaniwa. Maikrowevu nayo hufanya kazi katika masafa hayo hayo, na kuta za zege hazina huruma. Lakini redio ile ile inayotuorodheshea mitandao ya majirani inaona kila mmoja yuko chaneli ipi. Kwa nini basi skrini itutupie msimbo wa tarakimu, badala ya kusema kwamba chaneli 6 imejaa na 11 ina nafasi?

Mtajibu tena kwamba mtu wa kawaida hawezi kuelewa mambo ya kitaalamu. Hoja hii ingetugusa zaidi kama isingetoka kwa watu wanaomwonyesha mtoto wa shule maneno "NAT Aina ya 3" kisha wakanyamaza. Kisa chake mara nyingi ni hiki: anwani za zamani za intaneti ziliadimika, kwa hiyo watoa huduma wengi, hasa wa intaneti ya laini za simu inayotumika katika nyumba nyingi za Dar es Salaam na Nairobi, huwagawia wateja wengi anwani moja. Ni kama mtaa mzima kutumia sanduku moja la posta: barua unatuma bila shida, ila mgeni akikuandikia kwa mara ya kwanza, posta haijui impe nani. Ndiyo maana filamu zinaonekana vizuri huku mazungumzo na wachezaji wenzako yakikatika. Sentensi mbili zimetosha kulieleza tatizo hilo, na hakuna kuzima na kuwasha kutakakoliondoa.

Tunachoomba ni mstari mmoja tu juu ya kila msimbo: kosa liko kwenye mashine, kwenye ruta, kwa mtoa huduma, au kwetu watengenezaji. Hilo la nne tunaelewa litahitaji kikao cha bodi.

Wenu watiifu,
Wateja (ruta zimezimwa kwa sasa, tunasubiri kidogo)

Nakala: Watoa huduma wote wa intaneti, watakaotujibu kwamba tuwaulize ninyi.