Sifa za Nembo Isiyoguswa

Wafalme, majemadari na wachezaji wa mpira hawakosi wa kuwasifu. Nembo ya programu, ile iliyosajiliwa kuwa alama ya biashara na kuwekewa masharti mengi kuliko rangi zake, haina hata mtetezi mmoja. Watengenezaji wa mifumo ya Linux huitaja kama mfugaji anavyomtaja kupe. Kisa chao kinaeleweka. Msimbo wa programu huria unaweza kuunakili, kuubadilisha, kuuuza au kuugawa bure, lakini kijipicha cha mbweha aliyejikunja kuizunguka dunia hukigusi bila ruhusa. Sebule wazi, stoo wazi, hata jiko wazi. Kilichotiwa kufuli ni kibao cha mlangoni. Mimi najitwika kazi ya kukisifu kibao hicho, nikidai kwamba nyumba iliyo wazi kiasi hicho ingekuwa mtego kama kila mpita njia angeruhusiwa kuking'oa na kwenda kukitundika kwake.

Tuanze na karama yake ya uzazi. Debian, mmoja wa mifumo hiyo ya Linux, ilikuwa ikisambaza kivinjari cha Firefox bila nembo, kwa sababu leseni ya picha ile haikulingana na kanuni zake za uhuru. Mwaka 2006 Mozilla, mwenye kivinjari hicho, ikatamka kwamba jina na nembo ni chanda na pete: chukueni vyote au acheni vyote, na viraka mnavyovibandika kwenye msimbo tuvikague kwanza. Debian, yenye desturi ya kuendelea kuyatibu matoleo ambayo mwenyewe ameshayazika, haikukubali. Ndipo mbweha wa moto akageuka Iceweasel, kicheche wa barafu. Baraka zikaongezeka: Thunderbird, ndege wa radi, akawa Icedove, njiwa wa barafu, SeaMonkey akawa Iceape, sokwe wa barafu, na kalenda ya Sunbird ikawa Iceowl, bundi wa barafu, bila mtu kuuliza bundi huyo analeta heri gani. Sheria ngapi duniani zimewahi kujaza mbuga nzima ya wanyama kwa kubishania picha moja? Na Mozilla haikuwa ikitesa wengine kwa adhabu isiyoionja: kivinjari hicho kiliitwa kwanza Phoenix, kisha Firebird, kikaangukia Firefox mwaka 2004 kwa kuwa majina yale mawili yalikuwa na wenyewe.

Nembo hufundisha pia ufasaha. CentOS, mfumo mwingine wa Linux ulioanza 2004, ilijengwa kwa msimbo ambao kampuni ya Red Hat iliutoa hadharani, baada ya kuondolewa kila alama ya Red Hat. Wanasheria walipobisha hodi mwaka 2005, waandishi wa CentOS wakaanza kumtaja mzazi wao kwa mafumbo, kama muuzaji mashuhuri wa Linux wa Amerika Kaskazini, mithili ya mke wa zamani asiyelitamka jina la mumewe. Mwaka 2014 Red Hat ikaikaribisha CentOS nyumbani, na hata jina hilo lililozaliwa kwa kukwepa jina likawa mali yake.

Mzaha una mwisho. Leseni huria humruhusu yeyote kubadilisha programu, na huyo yeyote hachaguliwi kwa uadilifu. Mwaka 2013 watafiti wa Citizen Lab huko Toronto walionyesha kwamba programu ya kijasusi ya FinSpy, ya kampuni ya Gamma International, ilikuwa ikijificha kwenye kompyuta za watu kwa kujifanya Firefox. Mozilla iliiandikia kampuni hiyo ikiitaka iache, na silaha iliyoishika ilikuwa alama yake ya biashara. Leseni inayosema "chukua, badilisha" haina la kumwambia mtu aliyeiba sura peke yake. Hata Linux ilionja: katika miaka ya tisini mtu mmoja nchini Marekani, asiye na mkono katika kuiandika, alilisajili jina hilo na kudai malipo, hadi mwaka 1997 lilipokabidhiwa kwa Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux. Jina lililoachwa bila mwenyewe halibaki la wote. Huchukuliwa na wa kwanza kufika kwenye ofisi ya usajili.

Wapo watakaosema kwamba uhuru wenye kufuli si uhuru. Lakini kanuni za Debian zenyewe, za mwaka 1997, zinaruhusu leseni kudai kwamba kazi iliyobadilishwa ibebe jina jingine. Kumbe kicheche wa barafu alikuwa raia halali. Isitoshe, Debian nayo ilikuwa na nembo mbili, moja ya watu wote, na nyingine yenye chupa iliyofungiwa matumizi rasmi. Wengine watalalamika kwamba mtumiaji ndiye aliyeumia, kwa kuwa tovuti zilizopima vivinjari kwa majina zilimwona Iceweasel kuwa mgeni. Ni kweli, ila kosa hilo ni la bawabu anayesoma kitambulisho bila kumtazama mtu.

Pingamizi zito ni la tatu: nembo hulewa. Ubuntu ni neno la Wazulu na jamaa zao, ndugu wa damu wa "utu" wetu, na leo katika kompyuta ni jina la mfumo wa Linux na alama ya Canonical, kampuni ya London. Masharti ya Canonical yalisomeka kana kwamba yanaweza kubana haki ambazo leseni ya GPL ilikwisha kuzitoa, na ilichukua takriban miaka miwili ya mazungumzo na watetezi wa programu huria hadi mwaka 2015 kiongezwe kifungu kinachokiri kwamba leseni hizo ndizo kubwa. Hapo ndipo mpaka wa sifa zangu ulipo. Kufuli ni la kibao, halina ruhusa ya kutambaa hadi jikoni. Likikaa mahali pake, mambo huenda: mwaka 2016 Mozilla iliridhika kwamba viraka vya Debian havikiharibu kivinjari, na mbweha akarudi na mkia wake wote. Nembo humlinda mnywaji asiuziwe tembo la maji kwa jina la mgema hodari. Lakini mgema naye tunamjua akisifiwa sana hufanya nini, kwa hiyo naomba niishie hapa.