Barua ya Wazi kwa Mamlaka Husika

Mamlaka Husika,
S.L.P. haijulikani,
Popote mlipo.

Yah: OMBI LA KWENDA KAOLE NA KURUDI SIKU HIYOHIYO

Waheshimiwa,

Nimeamua kuwaandikia moja kwa moja kwa sababu kila nikifungua gazeti nakuta wananchi wakiwaomba muingilie kati. Kivuko kikizama mnaombwa, bei ya sukari ikipanda mnaombwa, fisi akiingia kijijini mnaombwa. Nami kila nikiuliza ofisi yenu iko wapi naambiwa nijaribu ghorofa inayofuata. Hongereni kwa unyenyekevu. Ni wachache wenye madaraka makubwa namna hiyo wasiopenda kuonekana.

Shida yangu ni ndogo. Mimi ni mkazi wa Gongo la Mboto, na nataka kuipeleka familia yangu Bagamoyo Jumamosi moja: tuyaone magofu ya msikiti wa kale wa Kaole, tupite misheni, tule samaki, turudi kulala kwetu. Bibi wa watoto naye anataka kwenda. Kutoka Dar es Salaam hadi Bagamoyo ni kama kilomita 70. Morogoro iko mbali zaidi ya mara mbili ya hapo, na treni ya umeme inafika chini ya saa mbili, kiti chako kina namba na saa ya kuondoka imeandikwa kwenye tiketi. Nimekaa nikalitafakari jambo hili, nikahitimisha kwamba kosa ni la watu wa Kaole wenyewe. Wangejenga msikiti wao Morogoro.

Safari hii nimeipanga kwa uangalifu wote. Kundi la WhatsApp limeundwa, mweka hazina kachaguliwa, na shemeji mmoja tayari kajitoa kwa hasira. Nilianza kwa kupiga simu ofisi moja ya mjini inayojitangaza kuwa inahamasisha utalii wa ndani. Dada aliyepokea alikuwa muungwana sana. Akaniuliza sisi ni shule? Nikasema hapana, ni familia. Akauliza ni wageni kutoka nje? Nikasema hapana, ni sisi tu. Ikapita kimya, kisha akaniambia niandike barua. Basi ndiyo hii.

Simlaumu. Kwa mpango ulivyo, Mtanzania anatakiwa kuyaona magofu akiwa na sare ya shule, na asipoyaona hapo asubiri azaliwe tena Ulaya. Filamu ya kutangaza utalii wetu, The Royal Tour, ilizinduliwa New York mwezi Aprili 2022, na nafurahi kwa niaba ya watu wa New York. Sisi wa huku tunasubiri kwa hamu uzinduzi wa Bunju.

Kuhusu usafiri, nawashukuru kwa kutuhifadhia kituoni utamaduni ambao hata makumbusho hayana. Coaster ya Bagamoyo haina saa ya kuondoka, inaondoka ikijaa. Mpiga debe anaapa imebaki nafasi moja tu. Unachungulia dirishani, kweli imejaa; unapanda na bibi, watoto, chupa ya chai na kapu la maandazi. Mkishakaa, vijana sita wanashuka mmoja mmoja, wanajinyoosha na kwenda kukaa kwenye gari la nyuma. Walikuwa abiria wa maonyesho. Bagamoyo kuna chuo cha sanaa kinachojulikana nchi nzima, TaSUBa, na kumbe wasanii wengine tunao kituoni, wanaigiza tangu alfajiri na hawajawahi kulipwa na wizara.

Baada ya hapo ni Mwenge, Tegeta, Boko, Bunju, na kila mahali foleni ina sababu zake. Ukivuka kuingia mkoa wa Pwani, barabara inafunguka na dereva anataka kufidia muda. Ndipo anakutana na askari mwenye tochi ya kupima mwendo. Mapinga, Kerege, Zinga, Kiromo. Ukishuka Bagamoyo mjini bado hujafika Kaole, kuna kama kilomita 5 za bajaji au bodaboda. Bibi kaniuliza atapanda bodaboda amekaa upande au ametanua. Sijamjibu. Naleta swali kwenu.

Najua mtasema watu wa zamani walifika bila kulalamika. Ni kweli, na hilo ndilo linaloniuma. Misafara ya karne ya 19 ilitoka Ujiji ikapitia Tabora hadi Bagamoyo, zaidi ya kilomita elfu moja kwa miguu, wapagazi na mizigo mabegani, na njiani walilipa hongo kwa kila mtemi waliyepita kwake. Lakini walikuwa na kirangozi mbele, na ngoma ikipigwa asubuhi kila mtu alijua msafara unaondoka. Mwaka 1873 mmisionari Livingstone alipofariki katika nchi ambayo leo ni Zambia, watumishi wake Susi, Chuma na wenzao waliukausha mwili wake wakaubeba hadi pwani. Uliingia Bagamoyo Februari 1874, ukalazwa misheni, halafu ukavushwa Unguja. Ilikuwa safari ya miezi tisa, yenye njaa na maradhi, na waliikamilisha. Marehemu alipata utaratibu ambao mimi, niliye hai na mwenye nauli mkononi, siupati.

Hata Wajerumani, ambao siwasifu kwa lolote jingine, mwaka 1891 walihamisha makao makuu ya koloni zima kutoka Bagamoyo kuja Dar es Salaam, maana maji ya Bagamoyo ni mafupi na meli zilitia nanga mbali. Serikali nzima ilihama kati ya miji hii miwili. Mimi nina watu saba.

Na tunakokwenda kuna mambo, waheshimiwa. Kaole kuna gofu la msikiti wa karne ya 13, miongoni mwa mikongwe kabisa katika pwani ya bara, kuta zake mawe ya matumbawe na chokaa. Kuna makaburi yenye nguzo, na ukisogea karibu unaona kwenye nguzo vishimo vya mviringo: humo ndimo zilimopachikwa bakuli za Kichina. Mtu wa Kaole alikufa akapambiwa kaburi kwa vyombo vilivyovuka Bahari ya Hindi. Bandari yao baadaye ikajaa tope, mikoko ikaota, biashara ikahamia Bagamoyo. Mwanangu wa darasa la tano amekariri kwenye daftari kwamba Bagamoyo ulikuwa mwisho wa njia ya misafara, na akapata tiki. Lakini kidole chake hakijaingia kwenye kishimo cha bakuli.

Kuna na vichekesho. Desemba 1889 mpelelezi Stanley aliingia Bagamoyo na Emin Pasha, mtu aliyekwenda kumwokoa katikati ya Afrika kwa msafara uliogharimu mamia ya maisha. Wajerumani wakawaandalia karamu. Usiku huohuo Emin Pasha, ambaye macho yake yalikuwa mabovu, alianguka kutoka ghorofani akavunjika vibaya. Kaponea msituni, kaumia kwenye sherehe! Hadithi kama hiyo ukimsimulia mtoto palepale, hutahitaji kumwambia tena asome historia.

Sasa ombi. Siombi reli. Siombi bandari mpya, ile ya Bagamoyo nimeisikia tangu 2013 na naiheshimu kama mzee. Naomba basi moja. Liondoke Jumamosi saa moja asubuhi hata likiwa na abiria tisa, lipite misheni na mji mkongwe, lifike hadi mlangoni Kaole, na saa kumi jioni lianze kurudi, lirudi kweli. Ratiba ibandikwe kituoni. Nauli tutalipa. Kiingilio cha sisi wenyeji hakifiki bei ya sahani ya chipsi kuku, kwa hiyo msitwambie kwamba Waswahili hawathamini historia yao. Tunaithamini, tunakwama Tegeta.

Naelewa jambo zito kama hili haliendi bila upembuzi yakinifu. Najua kutakuwa na kamati, na kamati itafanya ziara ya mafunzo, na pengine basi la majaribio litazinduliwa kwa utepe, fulana na kofia, mgeni rasmi atachelewa kwa sababu ya foleni, kisha basi litapelekwa kwenye shughuli nyingine za kitaifa. Nawaomba tu, siku ya uzinduzi, kabla halijapelekwa huko, litupitishe Kaole mara moja. Bibi ana umri wa miaka 81.

Wenu katika ujenzi wa taifa,
Mkazi wa Gongo la Mboto

Nakala:
Wadau wote wa utalii wa ndani – kwa taarifa
Kamati itakayoundwa – kwa mjadala
Mpiga debe – kwa utekelezaji