Matanga ya Roma, Sukari ya Mbinga

Msiba wa kwetu Umatengo una mwisho wake. Mnazika, mnalala matangani siku tatu, mnaanua tanga, kila mtu anarudi kwenye kahawa yake. Ndugu wakichelewa kuondoka, mfiwa anapunguza mazungumzo, wenyewe wanaelewa. Sasa mnieleze: ilikuwaje mimi nikafiwa na mtu wa Argentina aliyekuwa akiishi Roma, matanga yakawa sebuleni kwangu, tena ya siku tisa?

Siku tisa, sitanii. Kanisa ndivyo linavyoomboleza papa, na hesabu haianzi anapokufa, inaanza anapozikwa. Papa Fransisko alifariki Jumatatu ya Pasaka, 21 Aprili 2025, akazikwa Jumamosi ya tarehe 26, Sikukuu ya Muungano. Taarifa ya kifo ilitufikia Jumatatu hiyo saa tano kasoro asubuhi, nguruwe yuko motoni na ngoma za mganda zinawambwa. Piga mahesabu toka hapo, utakuta nimekaa na waombolezaji wiki mbili, na kosa langu ni kuwa na televisheni kubwa kuliko ya mwenyekiti wa jumuiya.

Na marehemu sina ugomvi. Mtu aliyeagiza azikwe kwenye jeneza la mbao, kaburi la chini ardhini lenye jina lake tu, angeelewana vizuri na wazee wetu. Tatizo ni waliobaki. Rambirambi hakuna, maana unampa nani, ndugu wa marehemu wako Buenos Aires? Lakini chai ikaonekana ni ya lazima, na watu wa huku wakifiwa wanakunywa chai tamu kweli kweli. Shemeji yangu akapanda kutoka Mbamba Bay na kifuko cha usipa, akasema amekuja kunifariji. Usipa ukaisha siku ya pili, mfariji akabaki. Toka lami ifike ziwani, kufariji watu wa Mbinga kumekuwa rahisi mno.

Tanga halijaanuliwa, kampeni za papa mpya zikaanza. Kardinali Protase Rugambwa wa Tabora alikuwa miongoni mwa wapiga kura, basi babu mmoja wa Litembo akawa ameshapanga nani abaki na nguruwe wake siku ya kwenda Roma. Alipoambiwa kwamba Kardinali Pengo haingii kwa kuwa ameshavuka miaka 80, akasimama. Pengo ni wa kwao, aliwahi kuwa askofu wa Tunduru-Masasi, na Tunduru ni mkoa huu huu.

"Mtu akifika themanini ndiyo kwanza anaanza kusema maneno ya maana," alifoka, "nyie mnamfungia mlango?"

Jirani yangu Mwanglikana wa Liuli, ambaye msiba haukumhusu ila chai ilimhusu, akauliza kwa nini wasinyooshe mikono tu yakaisha. Hakujibiwa. Aliongezewa chai.

Tarehe 7 Mei makardinali 133 wakafungiwa kwenye Kanisa la Sistina, mshindi apate kura 89. Sisi tukafungiwa na bomba la moshi. Sijapata kuona watu wazima, wenye magugu shambani, wakikodolea bomba jioni nzima. Kamera haitikisiki. Akitua ndege juu ya paa, anajadiliwa. Kwenye saa nne usiku ukatoka moshi mweusi. Mke wangu, ambaye toka mvua zianze anapikia kuni mbichi, akapita na birika akasema yeye matokeo hayo anayatangaza kila siku na hajawahi kupigiwa makofi.

Kijana mmoja akasoma kwenye simu kwamba moshi mweupe huchanganyiwa dawa: potasiamu klorati, utomvu wa msonobari, na laktosi, yaani sukari ya maziwa. Sukari! Kumbe na Roma wanaichoma. Nilitoka nje kupunga upepo.

Kesho yake, saa moja na dakika saba usiku, ukatoka mweupe. Vigelegele, kengele za kwenye televisheni, mama mmoja akamwaga chai juu ya kochi. Tukangoja jina zaidi ya saa nzima, na lilipokaribia kutajwa, umeme ukakatika. Niliyoyasikia gizani siwezi kuyaandika kwenye safu inayosomwa na mapadre. Papa tulimpatia kwenye simu ya shemeji, chaji asilimia nne: Robert Prevost, Mmarekani, sasa Leo wa 14. Babu wa Litembo akasema basi, nguruwe wake atawalisha mwenyewe.

Ukimya haukudumu. Mpaka hapo Songea ilikuwa ikijivunia Yohane Paulo wa Pili, aliyefika Septemba 1990. Ikapatikana habari kwamba huyu mpya alikuwa mkuu wa Shirika la Waaugustino toka 2001 hadi 2013, na Waaugustino wako Mahanje, Jimbo Kuu la Songea, na aliwahi kuja Tanzania kuwatembelea. Kochi halijakauka, kila mtu ameshawahi kumpa mkono. Mmoja alimpa lifti. Mwingine alimpikia ugali wa muhogo, akaomba uongezwe. Shemeji naye akakumbuka kwamba pale Mahanje alimbebea begi, kilima kizima, na mzungu wa watu akamshukuru sana. Shemeji huyu huyu, siku zote alizokula kwangu, hajanibebea hata ndoo moja ya maji.