Mpira Uko Nyuma ya Mdhamini

Mwaka 1992, Ligi Kuu ya Uingereza ilipoanza, Sky Sports walibandika kisanduku kidogo kwenye kona ya skrini: matokeo na muda, basi. Wapo walionuna. Wangejua!

Washa runinga ya kwetu siku ya mechi. Kulia nembo ya kituo, kushoto nembo ya mdhamini, chini mstari wa habari ukienda mbio kama daladala inayomkimbia trafiki, na juu yake kampuni ya kubeti inakusihi ucheze kistaarabu. Winga akipiga krosi, mguu unauona. Mpira umekwenda kwa mdhamini.

Kiufundi, kubandika michoro hii juu ya video ni kazi safi sana. Mtambo hupokea ishara mbili: ya kwanza ina mchoro wenyewe, ya pili ni picha ya weusi na weupe inayoelekeza mchoro uonekane wapi. Palipo peupe mchoro hufunika, palipo peusi video hupita, na kijivu huacha vyote viwili vionekane nusunusu. Yaani weusi unapatikana bure, hautozwi hata senti. Ila fundi wetu, Mungu amjalie, anauogopa kama nini.

Na lile neno MUBASHARA, jekundu, linalopepesa? Limeachwa juu ya marudio ya mechi ya juzi. Nje kwetu ni usiku wa saa nne, uwanjani jua linawaka, na kipa yuleyule, maskini, anafungwa tena mubashara.