Mwenye haya na kambi ya watoto ng'ambo: namna ya kuamua

Panda daladala siku ya Jumamosi, kaa kiti cha nyuma kabisa, subiri kituo chako kikaribie. Ukipaza sauti "Shusha!" na konda akakusikia mara ya kwanza, mpe jirani yako mwongozo huu, wewe huna tatizo. Lakini kama wewe ni yule anayemwomba Mungu abiria mwingine ashuke hapohapo, na asiposhuka unapitilizwa vituo viwili kisha unarudi kwa miguu, basi kaa tuzungumze. Umeona tangazo la kazi ya kulea watoto kwenye kambi za majira ya joto Marekani. Pana picha ya ziwa, mitumbwi, na vijana wa fulana za rangi moja walioruka juu kwa pamoja. Unajiuliza kama mtu aliyeshindwa kumsimamisha konda anaweza kwenda kuruka na wale.

Wengi wenu mnaweza. Na baadhi yenu mnahitajika kule kuliko hao wanaoruka. Ila huwezi kuamua kwa kutazama picha, kwa hiyo twende polepole.

Anza kwa kujua unachokwenda kufanya. Kambi hizi ni desturi ya zamani. Mwaka 1861 mwalimu mmoja wa Connecticut, Frederick William Gunn, alitoka na wanafunzi wake kwa miguu hadi pwani, wakapiga kambi huko, na Wamarekani wengi huitaja safari ile kuwa mwanzo wa mambo yote. Camp Dudley ya jimbo la New York ilianza mwaka 1885 na mpaka leo inapokea watoto. Shule zikifungwa mwezi Juni, wazazi huwapeleka watoto porini kwa wiki kadhaa, walale kwenye vibanda vya mbao, waogelee, walenge shabaha kwa upinde, wapige makasia, wachafuke. Anayelala nao kibandani anaitwa kaunsela. Kwa aliyesoma bweni, huyo ni matroni, kiranja na mwalimu wa zamu katika mwili mmoja.

Sasa isikilize siku yenyewe. Asubuhi mnaamshwa kwa kengele au tarumbeta, mnakusanyika penye mlingoti wa bendera, kisha bwaloni. Bwaloni watu huimba. Huimba kabla ya kula, wakati wa kula, na baada ya kula; hupiga meza, husimama juu ya viti, huiga chura, huiga nyangumi. Baada ya hapo michezo, ziwa, chakula cha mchana, saa moja ya kupumzika vitandani, michezo tena, chakula tena, nyimbo tena. Usiku kuna maigizo au moto wa kambi, na watoto huchoma marshimelo kwenye vijiti mpaka ziungue. Kambi nyingi huwa pia na siku za mashindano ambapo kila mtu, mkubwa kwa mdogo, hugawiwa timu ya rangi fulani, hujipaka rangi hiyo usoni na kupiga kelele mpaka sauti ikauke.

Umeshaanza kutafuta mlango. Tulia. Kama ulisoma shule ya bweni Tanzania, umewahi kukimbia mchakamchaka alfajiri huku ukiitikia nyimbo, na hukufa. Kuitikia hakumsumbui mwenye haya, kwa sababu sauti yake hujificha ndani ya sauti za wengine. Kinachomsumbua ni kuanzisha wimbo, na kambini zamu ya kuanzisha itakufikia tu. Dawa ninayoiamini ni hii: kabla ya kusafiri chagua wimbo mmoja wa kipuuzi wenye vitendo vya mikono, ujifunze mpaka uweze kuuimba usingizini, halafu jitolee kuuongoza mapema, kabla hujaitwa. Utajulikana kuwa mwenye wimbo ule. Kila ikija zamu yako watauomba huohuo, na watoto hawachoki kurudia kitu wanachokipenda.

Jambo la pili ni kujua haya yako ni ya namna gani. Philip Zimbardo, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Stanford, aliwauliza watu katika miaka ya 1970, na takriban 40% walijitaja kuwa ni wenye haya. Umati mkubwa hivyo hauwezi kuwa na tabia moja. Kuna anayeogopa macho ya watu: akisimama mbele yao moyo unakwenda mbio, ulimi unakauka, usiku kucha anarudia alichokisema. Kuna asiyemwogopa mtu ila watu wanamchosha. Akikaa nao nusu siku anatamani chumba na mlango wa kufunga. Na yupo mwenye yote mawili. Hawa watatu hawawezi kupewa jibu moja.

Wa kwanza, anayeogopa macho, mara nyingi hushangaa akifika. Mtoto wa miaka minane hakupimi. Hajali lafudhi yako wala kiatu chako. Anataka kujua kama kwenu kuna simba, kama unaweza kuogelea, na kama utamfungia kamba ya kiatu. Hofu ya mtu mzima aliyezoea kuhukumiwa na watu wazima wenzake hukosa pa kushika mbele ya mtoto wa namna hiyo. Mtihani wake mkubwa huwa kwa makaunsela wenzake. Kabla watoto hawajafika kuna siku za mafunzo, na siku hizo hujaa michezo ya kufahamiana: taja jina lako na mnyama unayempenda, cheza kidogo, mrushie mwenzako mpira. Wengine wanarudi kambi ileile kila mwaka, wameshajuana, wana vichekesho vyao usivyovielewa. Hapo ndipo mwenye haya huandika nyumbani kwamba alikosea kuja. Nakusihi, usiamue lolote katika siku hizo. Ngoja watoto washuke kwenye mabasi, kwani kazi halisi huanzia hapo, na mtu mwenye kazi mikononi hana nafasi ya kujitazama.

Tena, mwenye haya aliyelelewa katika Kiswahili anakwenda na mazoezi asiyoyahesabu. Tangu utotoni amesimamishwa mlangoni na kuambiwa asalimie wageni mmoja mmoja: shikamoo mjomba, shikamoo mama mkubwa, habari za huko, watoto hawajambo. Alitamani ardhi immeze, lakini alisalimia. Marekani salamu ni fupi, na anayekuuliza hali yako huwa ameshapita kabla hujamjibu, usidhani amekudharau. Mkuu wa kambi mwenye mvi atataka umwite kwa jina lake la kwanza, na mtoto atakuita hivyohivyo. Na ile heshima yetu ya kuinamisha macho mbele ya mkubwa, kule wanaweza kuisoma kuwa huna la kusema. Mtazame anayekuhoji. Huko ndiko kumheshimu kwao.

Wa pili, anayechoshwa na watu, ndiye wa kufikiri zaidi. Kaunsela wa kibanda anaishi na watoto usiku na mchana. Viwango vya Chama cha Kambi cha Marekani hutaka angalau mtu mzima mmoja kwa kila watoto wanane wa miaka 9 hadi 14 katika kambi za kulala, na kwa wadogo zaidi uwiano huo hubana zaidi. Wewe na wenzako mtahesabu vichwa mezani, ziwani, msituni, na kitandani. Hata kujificha na mtoto mmoja mtulivu mkasome kitabu hakuruhusiwi, maana kambi makini hukataza mtu mzima kuwa peke yake na mtoto mahali wasipoonekana, na ni sheria nzuri. Kwa hiyo kabla ya kukubali kazi uliza waziwazi: kwa siku napata saa ngapi zangu mwenyewe? Kwa wiki napata siku ngapi? Je, kuna mahali pa kukaa ambapo watoto hawaingii? Mkuu wa kambi anayejibu maswali haya kwa kutaja saa na mahali ni wa kumwamini. Anayejibu kwamba kambini hakuna anayetaka kupumzika kwa kuwa raha ni nyingi mno, mwache.

Nimesema baadhi yenu mnahitajika kule, na nina sababu. Taa zikizimwa, kelele zote za mchana huisha, na watoto wanakumbuka kwao. Christopher Thurber, mwanasaikolojia aliyechunguza jambo hili kwa miaka mingi, alishiriki kuandika mwongozo wa madaktari wa watoto wa Marekani mwaka 2007, na wanaeleza kwamba karibu kila mtoto aliye mbali na nyumbani hushikwa na hamu ya kwao kwa kiasi fulani. Mtoto analia ndani ya mto ili wenzake wasisikie. Kaunsela mchangamfu aliyewachekesha mchana kutwa amechoka, naye hulitibu kila jambo kwa kichekesho. Mwenye haya husikia, kwa sababu amezoea kusikiliza. Anajua kukaa kando ya kitanda bila kuulizauliza. Anajua kwamba mtoto huyu hataki kutajwa mbele ya wote kesho asubuhi. Maarifa hayo ameyapata kwa kuishi na haya yake.

Tena yupo mtoto asiyelia, anayetaka tu kuachwa. Mwandishi Susan Cain, katika hotuba yake maarufu ya mwaka 2012, alisimulia alivyopelekwa kambini akiwa na miaka tisa na sanduku lililojaa vitabu. Alitoa kitabu, na kaunsela akamjia kumsihi achangamke kama wengine. Alivirudisha vitabu sandukuni akavisukuma chini ya kitanda, visitoke tena msimu wote. Kila nikiikumbuka hadithi ile nafikiri kwamba kama kaunsela yule angekuwa mmoja wenu, yule mtoto angesoma. Kambi za watoto zimejaa watu wazima wanaojua kumvuta mtoto aingie kwenye duara. Wanaojua kumwachia nafasi pembeni ya duara, na kumwonyesha kwamba nafasi hiyo nayo ni yake, ni wachache.

Ukishajijua, chagua kambi na kazi. Kambi ni za kila aina. Interlochen, iliyoanza mwaka 1928 huko Michigan, ni ya muziki na sanaa. Mtoto hushinda na chombo chake na mazungumzo mengi yanahusu mazoezi. Mwigizaji Paul Newman alianzisha mwaka 1988 huko Connecticut kambi ya watoto wenye maradhi makubwa, na mikono mipole ina thamani huko. Ndani ya kambi yoyote pia kuna kazi na kazi. Mlinzi wa waogeleaji anatakiwa kutazama maji na kuacha porojo. Ukiogelea vizuri na kupata cheti, hiyo ni kazi ya mtu makini asiyependa maneno. Ufundi wa mikono, upinde, bustani, vyote vinakupa kitu cha kushika na sababu ya kuongea. Jikoni na usafi usivitegemee kuwa kimbilio: viza ya kaunsela hairuhusu uajiriwe kupika wala kuosha vyombo, na njia ya kazi hizo ni mpango mwingine wa wanafunzi wa vyuo.

Viza yenyewe ni ya J-1. Lazima uwe umetimiza miaka 18, uwe na shirika lililoidhinishwa na Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani kukudhamini, na muda wako hauzidi miezi 4. Kwenye dirisha la ubalozi utaulizwa maswali machache kwa Kiingereza, pengine kupitia kioo, nyuma yako pana foleni. Kwa mwenye haya, dirisha lile ni gumu kuliko kambi nzima. Jizoeze kwa sauti, mbele ya mtu, sentensi tatu: nakwenda wapi, kufanya nini, narudi lini na kwa nini. Kabla hujamlipa mtu yeyote, hakikisha milango iko wazi kwa raia wa nchi yako, maana mwaka 2025 Marekani iliwawekea raia wa baadhi ya nchi, Burundi ikiwamo, vizuizi vilivyogusa hata J-1.

Nani asiende? Asiende anayekwenda ili akatibiwe haya. Watoto wale wamelipiwa walelewe, na mlezi aliyekuja kujirekebisha atakuwa anajitazama yeye wakati mtu anatakiwa kulitazama ziwa. Asiende pia ambaye hawezi kabisa kupaza sauti mtoto anapokimbilia hatari. Konda unaweza kumnyamazia ukarudi kwa miguu, mtoto anayezama huwezi. Kama sauti hiyo hutoka inapobidi, hata kama hutoka kwa ajili ya wengine tu na kamwe si kwa ajili yako, una kinachohitajika.

Hujui kama hutoka? Shule zikifungwa Desemba, makanisa, madrasa na vikundi vya skauti hukusanya watoto kwa siku kadhaa, na karibu kila mara wanahitaji mkono wa ziada. Omba upewe kikundi cha watoto wachache. Ukiona siku zinakwenda na unawajua kwa majina, nani anaogopa giza, nani hali maharage, na bado unataka kuwaona kesho yake, tuma maombi mapema, usingoje msimu ukaribie. Katika mahojiano waambie kwamba wewe ni mtu wa haya, na uwaambie unachowaona watoto wanafanya wakati watu wengine wanaongea. Wakiuliza utafundisha nini, sema bao. Mashimo 32, kete 64, na ubao ukikosekana mtayachimba ardhini.